Kimya cha Ardhi ya Rufiji

Mtu akitaja tetemeko la ardhi nchini Tanzania, wengi hufikiria Bukoba, Mbeya, Rukwa, Manyara au nyanda zinazouzunguka mlima Oldoinyo Lengai. Ni nadra mtu kuifikiria Salale. Kata hii ya Wilaya ya Kibiti, katika delta ya mto Rufiji, inajulikana kwa mikoko, kamba, mpunga na vyombo vinavyovuka kutoka upande huo wa delta kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia. Balaa zinazokumbukwa huko ni za maji: mafuriko, ukame, na maji ya chumvi kupanda mtoni hadi mashambani. Ardhi yenyewe haikuwahi kuhesabiwa miongoni mwa mambo ya kuogopwa.

Sifa hiyo ya utulivu haikuzuka bure. Ina sababu mbili, na historia ya matetemeko ya pwani hii haieleweki mpaka zitenganishwe. Ya kwanza ni ya kijiolojia: ardhi ya Rufiji kweli hutikisika mara chache kuliko ardhi ya Rukwa. Ya pili ni ya kumbukumbu: kwa sehemu kubwa ya historia yetu hapakuwa na mtambo wala mwandishi wa kuhifadhi habari za mtikisiko uliotokea baharini mbele ya delta. Sababu ya kwanza inafariji, lakini ya pili inadai hadhari. Anayezichanganya huishia kuamini kwamba lisiloandikwa halikutokea.

Tuanze na sababu ya kijiolojia, ambayo ni ya zamani mno. Zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita hapakuwa na Bahari ya Hindi mbele ya Rufiji. Madagaska ilikuwa imeshikana na Afrika Mashariki, kaskazini zaidi ya mahali ilipo leo, na zote mbili zilikuwa sehemu ya bara moja kubwa ambalo wanajiolojia huliita Gondwana. Bara hilo lilipopasuka, Madagaska iliteleza polepole kuelekea kusini, ikatulia takriban miaka milioni 120 iliyopita. Katika mwendo huo gamba la dunia lilikatika kwa mstari mrefu unaopita chini ya bahari kutoka kaskazini hadi kusini, na mabaki ya mkato huo leo yanaitwa Mgongo wa Davie. Pwani ya Tanzania, kwa hiyo, ni ukingo wa kale wa bara lililovunjika.

Kingo za namna hii huhesabiwa kuwa tulivu, kwa kuwa mabamba yanayounda gamba la dunia hayagongani hapo wala hayapandiani kama yanavyofanya Sumatra au Japani. Hata hivyo, utulivu huo hauna maana ya uzima. Nyufa za kale hubaki ndani ya mwamba, na mwamba uliokwisha kukatika ni dhaifu kuliko ule ambao haujaguswa. Nguvu mpya ikiuvuta, huachia pale pale ulipokatika zamani. Suala la Rufiji ni iwapo nguvu mpya ipo.

Jibu ni kwamba ipo, ingawa ni ndogo. Kwa muda wa mamilioni ya miaka Afrika Mashariki imekuwa ikitanuka kupitia Bonde la Ufa. Upande wa magharibi wa bonde liko Bamba la Nubia, na upande wa mashariki liko Bamba la Somalia, nayo yanaachana kwa milimita chache kila mwaka. Tawi la magharibi la bonde ni rahisi kulifuata kwenye ramani, maana limeshikilia maziwa ya Albert, Tanganyika, Rukwa na Nyasa. Tawi la mashariki linashuka kutoka Turkana, likipita Naivasha na Natron hadi Manyara, kisha ndani ya kaskazini mwa Tanzania linatawanyika na kuonekana kama limepotea.

Tawi hilo linaishia wapi? Hapo wataalamu wamegawanyika. Wapo wanaoona kwamba linafifia bara, na kwamba sehemu kubwa ya utanuzi inamalizwa na tawi la magharibi. Wengine wanaona kwamba sehemu yake inaingia baharini, inashuka mbele ya Pemba, Unguja na Mafia, kisha inaungana na Mgongo wa Davie na bonde la chini ya bahari la Kerimba, mbele ya kaskazini mwa Msumbiji. Vipimo vya setilaiti vya miongo ya karibuni vimewapa nguvu hawa wa pili, kwa kuwa vinaonyesha kuwa kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji hakuendi sawasawa na Nubia wala Somalia. Watafiti wameliita eneo hilo bamba dogo la Ruvuma. Kama hoja yao ni sahihi, delta ya Rufiji iko jirani na ukingo wa bamba hilo, nao ni ukingo unaosogea polepole sana.

Juu ya mwamba huo mto umelaza ardhi changa. Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu kutoka eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, na kwa maelfu ya miaka umemwaga mchanga, tope na mfinyanzi mahali unapokutana na bahari. Juu ya mashapo hayo umeota msitu wa mikoko wa hekta takriban 53,000, mmoja wa misitu mikubwa zaidi ya mikoko Afrika Mashariki. Matawi ya mto huhama, mafungu ya mchanga huzuka na kutoweka, na katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 maji mengi yalielekea upande wa kaskazini wa delta, wakulima wa mpunga nao wakayafuata. Ardhi inayobadilika hivyo haitunzi vizuri ushahidi wa matetemeko. Ufa ambao ungeonekana kwa karne nyingi katika mwamba wa Manyara, hapa ungezibwa na tope la misimu michache.

Hapo tunafikia sababu ya pili, yaani kumbukumbu. Mwanahistoria wa matetemeko hutegemea vyanzo vitatu: tabaka za udongo, maandishi na masimulizi ya watu, na mitambo. Kila chanzo kina umri wake, na katika pwani yetu cha kale zaidi kilichotoa habari nzito ni udongo.

Habari hiyo imetoka Pangani, kaskazini mwa Rufiji. Huko watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo mwanaakiolojia Elinaza Mjema, pamoja na wenzao wa nje walichimbua tabaka la mchanga lenye makombe ya baharini na mifupa ya watu, katika mahali palipokuwa makazi yapata miaka 1,000 iliyopita. Maelezo kadhaa yalipimwa. Dhoruba ingeweza kuleta mchanga, lakini vimbunga vikali hufika mara chache sana karibu hivyo na ikweta. Mafuriko ya mto yangeweza kuua watu, lakini yasingeleta viumbe vya baharini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 walihitimisha kuwa maelezo yanayolingana zaidi na ushahidi ni tsunami, na kwamba chanzo chake yaelekea kilikuwa tetemeko kubwa la upande wa Sumatra, ng'ambo ya bahari. Ugunduzi huo ulibadilisha hesabu, kwa sababu ulionyesha kuwa hatari ya pwani hii inaweza kuzaliwa maelfu ya kilomita kutoka hapa.

Maandishi yalikuja baadaye, nayo yanahitaji kusomwa kwa uangalifu. Habari za wafalme wa Kilwa, zilizoandikwa mwanzoni mwa karne ya 16, zinaeleza kwamba Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani uliporomoka, na ukakaa gofu hadi ulipojengwa upya katika karne ya 15. Ni rahisi kwa msomaji wa leo kushawishika kuwa lilikuwa tetemeko. Lakini habari zenyewe hazitaji mtikisiko wa ardhi, na paa zito la matumbawe na chokaa lililobebwa na nguzo zilizoachana linaweza kuanguka kwa uzito wake. Maelezo ya ujenzi yanatosha, na yakitosha si halali kuongeza tetemeko.

Tahadhari hiyo inafaa pia kwa Rhapta, mji wa biashara uliotajwa na mabaharia wa Kiyunani karibu miaka 2,000 iliyopita, ambao wataalamu kadhaa, akiwemo Profesa Felix Chami, wameutafuta katika eneo la Rufiji na Mafia. Mji uliopotea huwavutia wanaopenda kusikia kwamba ulizama kwa siku moja. Hata hivyo, delta ina njia zake za kawaida za kufuta mji: tawi la mto hujaa mchanga, vyombo hushindwa kuingia, wafanyabiashara huhama na mikoko hukua palipokuwa gati.

Karne ya 20 ilianza na tetemeko lililoweka kipimo kwa eneo zima. Desemba 13, 1910, katika ukoloni wa Wajerumani, ardhi ilitikisika upande wa Rukwa na kusini mwa Ziwa Tanganyika kwa ukubwa unaokadiriwa kuwa 7.4. Kwa Afrika Mashariki hilo linahesabiwa kuwa mojawapo ya matetemeko makubwa kuliko yote ya karne hiyo. Tunalifahamu kwa sababu mitambo ya mbali ililinasa, na kwa sababu kulikuwa na vituo vya serikali na misheni ambavyo barua zake zilihifadhiwa. Miaka themanini baadaye, mtaalamu wa matetemeko ya kale Nicholas Ambraseys alizipitia habari hizo na kuandika upya historia ya tukio lile. Mtikisiko wa ukubwa wa 5.9 chini ya bahari mbele ya Mafia mwaka huo huo usingepata bahati hiyo. Nguvu inayotoka katika tetemeko la 7.4 ni takriban mara 180 ya ile ya 5.9, na mitambo michache ya wakati ule ilikuwa mbali mno kuukamata mdogo.

Jina la Salale lenyewe liliingia katika maandishi ya dunia kwa sababu nyingine kabisa. Baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar mnamo Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha ndani ya delta ya Rufiji, upande wa Salale. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, wakaizingira kwa miezi mingi, hatimaye ikaangamizwa Julai 11, 1915. Katika miezi hiyo maofisa wa pande zote mbili walijaza madaftari yao kwa habari za vina vya maji, mikondo, homa na mizinga. Mfano huo unaonyesha jinsi kumbukumbu zilivyotengenezwa: aliyekuwa na kalamu aliandika alichotumwa kukiangalia, na hakuna aliyetumwa Rufiji kuangalia ardhi ikitikisika.

Wa kwanza kutumwa kuuchunguza mwamba wa chini walikuwa watafuta mafuta. Katika miaka ya 1950 kampuni za BP na Shell zilichunguza pwani na visiwa, na kisima kilichimbwa Mafia. Mwaka 1974 gesi iligunduliwa Songo Songo, kusini mwa delta, na uzalishaji wake ukaanza mwaka 2004. Kazi hizo ziliwapa wanajiolojia picha ya mashapo yenye unene wa kilomita nyingi, yakiwa yamekatwakatwa na nyufa. Nyufa hizo zilitafutwa kwa sababu huweza kuzuia mafuta na gesi visitoroke, na ilichukua muda kabla ya kuulizwa kama baadhi yake bado zinatembea.

Wakati huo huo mitambo ya kupimia matetemeko ilianza kuenea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani ilijenga mtandao wa vituo vya aina moja duniani kote, kwa sehemu kubwa ili kugundua majaribio ya mabomu ya nyuklia chini ya ardhi, na Nairobi ikapata kituo. Kuanzia hapo orodha ya matetemeko ya Afrika Mashariki inakuwa ya kuaminika zaidi, japo kwa mitikisiko midogo ya baharini imeendelea kuwa na mapengo. Kwa maneno mengine, kumbukumbu nzuri ya mbele ya Rufiji ina umri wa takriban miaka sitini. Ufa unaosogea kwa milimita moja au mbili kwa mwaka unaweza kukaa mamia au maelfu ya miaka kabla ya kuachia. Miaka sitini haitoshi kuutangaza kuwa umekufa.

Dalili zilikuja moja baada ya nyingine. Mei 14, 1985, matetemeko mawili yaliupiga Mgongo wa Davie, mkabala na eneo la mpaka wa Tanzania na Msumbiji, la pili likiwa na ukubwa wa takriban 6.4. Yalitokea mbali baharini, na athari yake kwa watu ilikuwa ndogo, lakini wanasayansi waliyatilia maanani. Yalikuwa ushahidi kwamba mkato wa enzi za Gondwana unatumiwa upya na nguvu za leo. Kisha usiku wa kuamkia Februari 23, 2006, wilaya ya Machaze katikati mwa Msumbiji ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.0. Ardhi ilipasuka waziwazi, na katika maeneo ya mabonde mchanga uliochanganyika na maji ulibubujika juu. Ni watu wachache waliofariki, kwa kuwa eneo hilo lilikuwa na wakazi wachache. Kabla ya usiku ule ni wachache waliokuwa wakiitaja Machaze katika habari za matetemeko.

Katikati ya matukio hayo mawili lilikuja lile la Desemba 26, 2004. Tetemeko la ukubwa wa zaidi ya 9 mbele ya Sumatra lilisukuma maji yaliyoua watu zaidi ya 220,000 kuzunguka Bahari ya Hindi. Mawimbi yalifika pwani ya Tanzania mchana, baada ya saa zipatazo tisa, na watu wapatao kumi walipoteza maisha nchini, wengi wao wakiwa wanaogelea. Mambo mawili yalitukinga. Wimbi lilielekeza nguvu zake nyingi upande mwingine, hata Somalia ikapoteza watu karibu 300, na lilitufikia wakati bahari imekupwa. Bahari iliyojaa ingeweza kuleta hesabu nyingine. Baada ya hapo nchi za Bahari ya Hindi zilijenga mfumo wa pamoja wa tahadhari chini ya UNESCO, ulioanza kazi kikamilifu mwaka 2011. Kwa Tanzania taarifa zake hupokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Mjadala ulizuka pia juu ya mikoko. Watafiti waliochunguza Tamil Nadu, India, walidai kuwa vijiji vilivyokuwa nyuma ya miti viliumia kidogo kuliko vingine. Wengine walizipitia takwimu hizo na kusema kwamba tofauti inaelezwa vizuri zaidi na mwinuko wa kijiji na umbali wake kutoka baharini. Kwa Rufiji hoja zote mbili zina uzito. Msitu mpana hupunguza mwendo wa wimbi la wastani, lakini vijiji vya delta viko chini, na matawi makubwa ya mto ni milango iliyo wazi. Kuitunza mikoko ni jambo la busara kwa sababu nyingi, ila isitegemewe kuwa ukuta.

Miaka michache iliyofuata ilitoa somo la wazi kuliko yote, kwa sababu matetemeko matatu yenye ukubwa unaolingana, wa takriban 5.9, yalitokea katika mazingira tofauti. La kwanza lilikuwa la Kagera, Jumamosi ya Septemba 10, 2016, alasiri. Lilitokea bara, karibu na watu, katika mkoa wenye nyumba nyingi za matofali yasiyofungwa kwa nondo wala mkanda wa zege. Watu 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, maelfu ya nyumba yaliharibika, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaathirika vibaya.

La pili lilikuwa la Mayotte, katika visiwa vya Komoro, Mei 15, 2018. Lilikuwa kubwa kuliko yote katika mfululizo wa mitikisiko ulioanza siku chache kabla na kuendelea kwa miezi mingi. Watu walipewa maelezo ya kila aina, hadi mwaka 2019 meli ya utafiti ya Ufaransa ilipogundua volkano mpya kwenye sakafu ya bahari, kilomita zipatazo 50 mashariki mwa kisiwa, yenye kimo cha takriban mita 800. Hakuna ramani ya awali iliyokuwa na mlima huo. Bahari yetu ilikuwa imezaa volkano, na binadamu wa kwanza kuiona aliiona kupitia mtambo.

La tatu lilikuwa la kwetu. Jumatano, Agosti 12, 2020, saa 2:13 usiku, ardhi ilitikisika chini ya bahari kaskazini mwa Mafia, kina cha kilomita takriban 15, katika eneo lililo chini ya kilomita 100 kutoka delta na kutoka Dar es Salaam pia. Wakazi wa ghorofa za Dar es Salaam walikimbilia nje. Mtikisiko ulisikika Zanzibar, Tanga, Mombasa hata Nairobi. Hakuna kifo kilichoripotiwa, wala tsunami haikuja, kwa kuwa tetemeko la kiasi hicho kwa kawaida halisogezi sakafu ya bahari vya kutosha. Tsunami kubwa huhitaji, mara nyingi, tetemeko la 7 na kuendelea.

Chanzo chake kilielezwa kwa njia tatu. Wapo walioihusisha gesi. Hoja hiyo haina nguvu: visima vya Songo Songo viko zaidi ya kilomita 100 kusini, na hifadhi ya gesi iko kina cha takriban kilomita 2 tu, wakati tetemeko lilianzia chini zaidi. Maelezo ya pili ni kwamba ufa wa kale wa ukingo wa bara uliachia. Ya tatu ni kwamba huo ulikuwa mwendo wa tawi la mashariki la Bonde la Ufa likipita baharini. Haya mawili ya mwisho hayapingani kwa lazima. Bonde linalotanuka hupenda kutumia nyufa zilizopo kuliko kukata mpya, na huenda mvuto ni wa Bonde la Ufa huku mahali pa kuachia palichaguliwa na Gondwana. Huo ndio mwelekeo unaokubaliana vizuri zaidi na matetemeko ya 1985 na vipimo vya bamba la Ruvuma.

Tukilinganisha Kagera na Mafia tunaona kwamba ukubwa wa tetemeko haupangi peke yake idadi ya vifo. Matetemeko mawili yenye nguvu karibu sawa yaliacha makaburi 17 upande mmoja, na upande wa pili hofu ya usiku mmoja. Tofauti ililetwa na umbali, na aina ya nyumba zilizokuwa karibu. Tetemeko la 2020 lingetokea chini ya Kibiti au Mbagala, habari ingekuwa nyingine.

Kwa delta kuna jambo la tatu, nalo ni udongo. Ukiitikisa pishi ya mchele, punje hujipanga upya na kushuka. Mchanga uliojaa maji nao hutaka kushuka hivyo hivyo unapotikiswa kwa nguvu, lakini maji yaliyo katikati ya punje hayana pa kwenda, kwa hiyo hubeba uzito wa juu na udongo hupoteza ugumu kwa muda. Nyumba huzama au kuinama, kingo za mto huporomoka, visima hujaa mchanga. Ndicho kilichoonekana katika mabonde ya Machaze. Aidha, mashapo laini hukuza mtikisiko, kiasi kwamba nyumba iliyo juu ya tope inaweza kutikiswa zaidi kuliko iliyo juu ya mwamba kwa umbali ule ule. Delta ya Rufiji ina masharti yote mawili: udongo mchanga na maji karibu na uso wa ardhi.

Ujenzi wa kienyeji wa delta, bila kukusudia tetemeko, ulikuwa na sifa nzuri. Nyumba ya boriti na fito za mikoko, iliyokandikwa udongo, hupinda kabla ya kuvunjika, na dungu la kulindia mpunga ni jepesi. Udhaifu wake ni mchwa na maji. Nyumba ya tofali inayochukua nafasi yake ni bora kwa mengi, ila ikijengwa bila nondo, bila mkanda wa zege na juu ya msingi mfupi, inarudia hali ya Kagera. Mijini hoja ni kali zaidi. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 liliporomoka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36, na Novemba 16, 2024, jengo lingine likaanguka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Ardhi haikutikisika siku hizo. Jengo lisiloweza kusimama katika siku ya kawaida halina hoja mbele ya tetemeko.

Juu ya mto kuna suala jipya zaidi. Mnamo Desemba 22, 2022, ujazaji wa bwawa la Julius Nyerere ulianza, zaidi ya kilomita 100 kutoka delta. Bwawa hilo lenye mitambo ya megawati 2,115 limebuniwa kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30 za maji. Dunia imeona mabwawa makubwa yakiamsha nyufa, kwa uzito wa maji na kwa maji kupenya ndani ya mwamba. Kariba ilipojaa, tetemeko la ukubwa wa takriban 6 lilitokea Septemba 1963, na Koyna nchini India ilipata la zaidi ya 6 mnamo Desemba 1967 lililoua watu wapatao 180. Wapo pia wanaokumbusha kwamba mabwawa mengi makubwa hayakuleta tetemeko lolote la maana, na kwamba Kariba ni kubwa mara kadhaa kuliko la Nyerere. Hoja zote mbili ni za kweli, na kinachoweza kuamua kati yake ni vipimo. Mitambo ikiwekwa kuzunguka bwawa na kusomwa mfululizo, mitikisiko midogo huonyesha mapema kama mwamba unajibu.

Tukizipanga hatua zote hizi kwa mfuatano, tunapata hukumu ya wastani. Rufiji si Rukwa, na hakuna ushahidi wa kumfanya mkazi wa Salale alale kwa hofu. Lakini mstari wa kale chini ya bahari uko hai, kumbukumbu yake ni fupi, na tukio la 2020 limeondoa uhalali wa kuliita eneo hili tulivu bila kuongeza maelezo. Hatari yenyewe hatuna uwezo wa kuipunguza. Maafa tunaweza kuyapunguza, kwa vituo vya kupimia vilivyo Mafia, Kibiti na bwawani, kwa mafundi wa vijijini wanaojua kufunga nyumba kwa mkanda, na kwa shule zinazowafundisha watoto la kufanya ardhi inapotikisika.

Kwa delta kuna kazi moja ambayo ramani za kitaifa hazitaimaliza. Ushauri wa kawaida wa tsunami ni kukimbilia mlimani, na ndani ya delta hakuna mlima. Tahadhari ikitoka Sumatra kuna saa kadhaa, zinazotosha kuondoka kwa mtumbwi au boti ikiwa ujumbe utafika na njia imeamuliwa mapema. Tetemeko likitoka mbele ya Mafia kuna dakika tu, na hapo kinachosaidia ni jengo imara lenye ghorofa, kama shule au zahanati iliyojengwa juu ya nguzo zilizozamishwa hadi ardhi ngumu. Serikali za vijiji vya Salale na Halmashauri ya Kibiti zinaweza kuanza na swali dogo kila unapopangwa mradi mpya: jengo hili likikamilika, watu wangapi wataweza kupanda juu yake?